Ua Lililofukuza Watoto Sebuleni

Tarehe 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kutabiri mvua. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi ambacho watu wa umri wetu wanaruhusiwa kutojambo. Mke wangu anakusalimu. Ameanza kuogelea asubuhi kwa amri ya daktari, na kila akirudi hunitazama kama gunia lililosahauliwa kwenye korido. Baba yuko chumbani kwake, kavaa masweta mawili, anabishana na redio. Tangu ahamie kwetu amekuwa mpangaji mwenye masharti mengi kuliko mwenye nyumba. Anaomba uandike kwa herufi kubwa, maana barua yako iliyopita aliisoma kwa kukisia na akaamini kwamba umeolewa tena.

Sikupigii simu kwa sababu naujua msimamo wako, kwamba simu ni chombo cha kujibia kabla ya kufikiri, na jambo nililonalo linahitaji kufikiriwa.

Kampuni yako ya zamani imekuta ghalani makopo ya filamu za vipindi vyake vya watoto, vile vilivyokuwa vikirushwa jioni tulipokuwa wadogo. Vitarushwa upya kuanzia Agosti. Imeundwa kamati ya kuamua kipi kirudi na kwa sura gani, nami nimeteuliwa kuwa mjumbe. Nafundisha mantiki chuoni, na inaonekana yupo mtu mahali fulani anayeamini kwamba mantiki ina uhusiano na watoto.

Swali nililokabidhiwa ni la Ua. Sina haja ya kukueleza wewe nembo ile, lakini nitaieleza kama ilivyo kwenye jalada, ili tuwe na hakika kwamba tunazungumzia kitu kimoja: kila kipindi kilipokwisha, kioo kiliingia giza, ua likachanua polepole katikati, tarumbeta ikalia, kisha likatokea jina la kampuni. Sekunde chache tu. Katika jalada hilohilo yamo malalamiko ya wazazi. Watoto walikimbia sebuleni, wengine walikataa kulala, mmoja aliitupia televisheni kiatu cha babu yake. Kamati inataka maoni yangu kwa maandishi: Ua liondolewe, libaki lilivyo, au libaki baada ya kusafishwa na mafundi.

Nimemweleza mwenyekiti bayana kwamba aliyelitengeneza ni dada wa baba yangu, asije akasema nilificha. Amejibu kwamba hiyo ni faida, kwa hiyo nikuulize. Nami nakuuliza: ulikusudia nini?

Naliendea suala hili bila upande wowote. Binafsi sikumbuki kuwa niliwahi kuwa na tatizo na Ua.

Ni mimi mwanao,
Hakimu


Tarehe 21 Februari

Hakimu, mwanangu,

Marahaba. NIMEANZA KWA HERUFI KUBWA KWA AJILI YA BABA YAKO, lakini mkono umechoka, kwa hiyo mwambie avae miwani. Sijaolewa. Ningeolewa angealikwa, tena angelalamikia viti.

Goti langu lipo, linatabiri. Hapa mtaani hakuna jipya ila jirani yangu mwuza nyama amenunua televisheni kubwa kuliko dirisha lake, ikabidi atoe mlango kwenye bawaba ili iingie. Nilisimama barabarani nikimwelekeza. Sikuombwa, ila kazi nzuri haingoji mwaliko.

Sasa tuje kwenye hilo la kutokumbuka. Tulikupa jina la Hakimu ukiwa mtoto kwa sababu hukukubali hata kipande cha mkate bila kusikiliza pande zote mbili. Basi sikiliza na upande huu. Wimbo wa mwisho wa kipindi ulipoanza tu, ulikuwa ukiitafuta meza ya cherehani yangu niliyoiacha kwenu. Ukiingia chini yake unakumbatia kanyagio la chuma. Siku moja mama yako alikuvuta mguu ili akutoe, ukatoka na cherehani. Kama hilo si tatizo, nieleze mantiki inaliitaje.

Unauliza nilikusudia nini. Mkurugenzi alitaka kitu cha kuwaaga watoto kwa tabasamu. Nikafikiri: ua linachanua. Nani atachukizwa na ua? Walinipa chumba nyuma ya karakana ya maseremala, vumbi la mbao likinishukia kichwani mpaka wenzangu wakaniita Andazi. Ua lililala juu ya kioo, taa zikiwaka chini yake, kamera ikitazama kutoka juu. Nasogeza petali kwa unene wa ukucha, natoka kwenye mwanga, kamera inapiga picha moja. Narudi, nasogeza tena. Nilifanya hivyo mpaka mgongo ukawa kama mundu. Siku ya kwanza liliporushwa nilikuja kwenu makusudi. Nilivaa vizuri. Nilikaa kwenye kochi nikingoja sifa, nikasikia mlio wa cherehani ikiburutwa.

Nilicheka pamoja na wengine.

Miaka yote niliyokaa mtaa huu, hakuna anayejua kwamba Ua ni langu. Wanajua nilikuwa mchoraji wa televisheni. Wakiuliza nilichora nini, nasema mandhari. Mwezi uliopita nilikuwa kwa msusi, naye mikono imo kichwani kwa mteja akasema, "Jamani, mnalikumbuka lile ua la kuzimu?" Saluni nzima ikaamka. Kila mmoja na kisa chake. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya kile kikaushio cha nywele kama mtuhumiwa aliyefunikwa gunia.

Hiyo habari ya kusafishwa ndiyo iliyonifurahisha. Kama mafundi wa sasa wanaweza kulifanya lichanue kwa upole, kama lilivyokuwa kichwani mwangu, basi warushe hilo. Nitafungua mlango wangu, niite mtaa mzima, niwaambie: ni langu. Daktari anasema jicho la kulia limeingiwa na mtoto wa jicho, na la kushoto linamwonea wivu. Nataka nilione kabla sijafika mahali pa kusimuliwa.

Nenda ukalitazame, uniambie linachanua vipi.

Shangazi yako


Tarehe 4 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Sote wazima. Mke wangu sasa anavuka bwawa bila kupumzika na ameacha kunitazama kabisa. Sijui kama nihesabu hilo kuwa maendeleo. Baba amekubali kunywa dawa ya presha kwa sharti kwamba asiambiwe ni ya presha. Mwandiko wako ameusifu: anasema hatimaye umeanza kuandika kama bango la barabarani.

Kuhusu meza ya cherehani, kumbukumbu zetu zinatofautiana, nami niko tayari kuliacha suala hilo kama jambo lisilothibitika.

Nilichelewa kwa sababu zifuatazo. Kwanza kulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kisha nikapata mafua. Nilipopona, ufunguo wa chumba cha kutazamia filamu ulikuwa kwa mtu aliyekwenda likizo. Aliporudi, nikapata mafua mengine. Mke wangu alisema, bila kuulizwa, kwamba hajawahi kuona mafua yanayofuata ratiba ya vikao.

Hatimaye nilikwenda. Chumba kiko ghorofa ya chini kabisa, kina viti vya mbao, mashine ya filamu, na fundi mmoja mpole aliyekuwa akila biskuti kutoka mfukoni. Nilimwomba aanze na lile lililosafishwa. Shangazi, ni zuri. Petali zinafunguka kwa upole kama mtu anayekunjua kitambaa asikitie makunyanzi. Rangi ni ya kiini cha yai. Tarumbeta ni nyangavu. Nililitazama tena na tena, na kila mara halikunifanya lolote. Nilihisi kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi wa miaka mingi, akafika na kuambiwa mpinzani wake amehama mji.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini mtu anayewafundisha wengine kutoficha hatua ya hoja hana budi kuionesha yake. Ili niwe mwadilifu niliomba pia kuona filamu ya awali, isiyosafishwa. Fundi akaipachika. Giza likaingia, tarumbeta ikatoa ile noti yake ya kwanza, inayoshuka kama mtu anayeteremshwa kisimani, nami nikakumbuka ghafla kwamba nimesahau kalamu nje. Nilitoka kuitafuta. Niliitafuta koridoni kwa bidii, nikainama, nikatazama hata nyuma ya ndoo ya zimamoto. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliporudi, Ua lilikuwa limekwisha. Fundi alikuwa akipangusa makombo ya biskuti kwa heshima kubwa.

Nimeandika kitabu kizima juu ya makosa ya hoja. Hakuna sura ndani yake inayohusu mtu kujificha nyuma ya ndoo.

Nina swali moja tu. Fundi anasema kwamba katika kusafisha alifuta michirizi myeupe iliyokuwa ndani ya petali, akidhani ni ukungu wa filamu. Petali zile ulizitengeneza kwa kitu gani?

Mwanao,
Hakimu


Tarehe 17 Aprili

Hakimu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikasahau kufunga mlango, paka wa jirani akaingia akalala kwenye kapu la nguo safi. Sikumfukuza. Hivyo ndivyo nilivyofurahi.

Kama mtu anayekunjua kitambaa. Ulivyoliona ndivyo nilivyolitaka, na hukuongozwa na mtu. Nimekwenda kwa msusi siku hiyohiyo, ingawa nywele zangu hazikuhitaji, nikamwambia asipange wateja jioni moja ya Agosti nitakayomtajia. Akauliza kuna nini. Nikasema, "Utaona, mwanangu." Mwuza nyama naye nimemwambia. Amesema kioo changu ni kidogo, ataleta chake. Nimemwambia sitang'oa mlango wangu kwa ajili ya mtu yeyote, tutabanana hivyohivyo.

Nilicheka sana kuhusu ndoo. Usione haya. Wengine walikimbilia mbali zaidi.

Unaulizia vifaa. Vifaa vilikuwa vifaa. Kampuni ilikuwa changa, mkurugenzi mkono wa birika, na sisi tulitumia kilichokuwepo. Hilo halina umuhimu kwa kamati. Andika tu kwamba umeliona lililosafishwa, na kwamba mwenye kazi mwenyewe amethibitisha kuwa ndilo alilokusudia. Si ndivyo ushahidi unavyokwenda?

Baba yako mwambie asinywe dawa kwa kuvizia.

Shangazi yako


Tarehe 20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Nyumbani kuna amani ya kipekee kwa sababu Baba ana jambo jipya la kujivunia, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa uangalifu huu.

Nimeliona Ua la awali. Nakiri kwamba nililiona kwa masharti: sauti imezimwa, mlango wazi, taa inawaka, na fundi akizungusha filamu kwa mkono, picha moja moja. Nilijikaza kisabuni. Kwa namna hiyo hata mnyama mkali angeonekana kama mnyama aliyesimama. Na katika petali ya chini kabisa, ile inayofunguka mwisho, nikaona mkono. Sisemi kitu kinachofanana na mkono. Nasema vidole, viungo vya vidole, kiganja, na mifupa miwili ya chini ya kiwiko, hafifu, myeupe, ikijifungua pamoja na petali kama mtu anayesukuma mlango kutoka upande wa pili. Nilimwomba fundi anithibitishie. Alitazama kwa muda, akaacha biskuti. "Mzee," akasema, "mimi nilifuta huu nikidhani ni ukungu."

Nikaomba nakala ya picha ile moja, nikaja nayo nyumbani. Baba alikuwa mezani. Nilimwekea mbele bila kusema neno, kwa kuwa shahidi hapaswi kuongozwa. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, kisha akakunja mkono wa sweta la kwanza, akakunja wa la pili, akaulaza mkono wake wa kulia pembeni ya picha. Mfupa wa kifundo umepinda mahali palepale.

"Huu ni mimi," akasema. "Nilipoanguka kutoka juu ya paa."

Unakijua kisa hicho kuliko mimi, lakini nilisimuliwa upya kwa muda mrefu: jinsi alivyopanda kurekebisha antena ili vipindi vyako vionekane vizuri, jinsi bati lilivyokuwa na unyevu, jinsi hospitali walivyouunga mkono vibaya wakauvunja tena. "Nilipigwa eksirei kuliko bibi harusi anavyopigwa picha," akasema. Nilipomuuliza filamu zile zilikwenda wapi, akanitazama kwa huruma. "Si alizichukua shangazi yako? Alisema anataka kitu kinachopitisha mwanga."

Kwa hiyo mkono ulionifukuza sebuleni ulikuwa wa baba yangu, naye alikuwa amekaa kwenye kochi akiniuliza nakimbia nini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nivumilie kidogo, maana nitaonekana mtoto. Nikiwa na miaka mitano nilisema kuna mfupa ndani ya ua. Mama alisema hakuna kitu. Wewe ulisema ni ua tu. Baba, mwenye mfupa, alisema niache kuota macho wazi. Nikahitimisha kwamba macho yangu ni mashahidi wa uongo, nikajifunza kuyahoji, na nimekuwa nikilipwa mshahara kwa hilo mpaka leo. Hii ndiyo misingi ya taaluma yangu. Unaweza kuelewa kwa nini nililala mchana mzima siku iliyofuata.

Lakini ripoti inatakiwa mwisho wa Juni, na hapa siwezi kutania. Nikiandika kwamba lililosafishwa ndilo kazi yako, nitaandika unachokitaka na si kilichofanyika. Nikiandika kilichofanyika, kamati itataka la awali. Nawafahamu, watu hawaachi kitu chenye mifupa. Na hapo wewe hutawaita majirani. Najua uzito wa ruhusa ninayokuomba, ndiyo maana sijui namna ya kuiomba. Sitawasilisha neno kabla hujanijibu.

Mwanao,
Hakimu


Tarehe 25 Juni

Hakimu,

Hatujambo.

Ndiyo, zilikuwa eksirei za baba yako. Ulitaka nitumie nini, vifuniko vya sufuria? Kitu pekee kilichopitisha mwanga bila kupindwa na joto la taa kilikuwa filamu zile. Nilizilowesha kwenye maji ya moto na magadi, nikazisugua kwa brashi mpaka kucha zikaoza. Nikazipaka rangi kwa mikono yangu, safu baada ya safu. Niliuona mfupa ukifutika. Nilipomaliza palikuwa pamebaki petali, na tangu hapo sijaona kingine. Nimelitazama Ua lile kuliko mtu yeyote aliye hai.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee. Mimi nimeambiwa, tena na mtu aliyekuwa chini ya meza.

Andika unachokiona wewe. Msusi nimemwambia apange wateja wake.

Shangazi


Tarehe 12 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sitakuchosha na habari za nyumbani, ila nitasema kwamba Baba aliponiona nasoma barua yako aliinyakua, akaisoma bila miwani, akaniambia, "Umemuumiza." Kisha akasema vilevile kwamba mkono ni wake na yeye hakuulizwa na mtu. Tumekaa kimya mezani tangu siku hiyo, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyenuna.

Nimeandika nilichokiona. Ripoti ilikuwa na sehemu tano, tanbihi, na kiambatisho cha picha. Niliisoma kikaoni kwa sauti ile ninayotumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilipofika mwisho, mwenyekiti, ambaye alikuwa jaji na hajawahi kuonekana akitabasamu, akavua miwani.

"Mjumbe," akasema, "wewe mwenyewe ulikuwa ukiogopa?"

Nikaomba swali lipangwe upya, kwa kuwa neno kuogopa lina maana zaidi ya moja.

"Ndiyo au hapana?"

Nilitazama tanbihi zangu. Hakuna iliyonisaidia. Nikasema, "Ndiyo. Nilikuwa naingia chini ya meza ya cherehani. Niliwahi kuvutwa mguu nikatoka nayo." Limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kwa hiyo si jambo lisilothibitika tena.

Kisha mwanasaikolojia wa watoto, ambaye kazi yake katika kamati ni kutuonya juu ya hofu, akasema kwamba yeye alikuwa akiifunika televisheni kwa kitambaa cha meza, halafu akakiogopa kitambaa. Mhasibu akasema aliingia kabatini na kaka zake, wakigombania nafasi. Mwenyekiti ndiye aliyetumaliza. Alijifunza kusoma saa kabla ya kuanza shule, akasema, ili ajue dakika ya kutoka sebuleni. "Ndiyo sababu sijawahi kuchelewa kikao chochote maishani."

Shangazi, nilitarajia kwamba baada ya maungamo hayo wangelitupa Ua dirishani. Badala yake walikuwa wamesogeza viti. Waliomba lioneshwe, la awali, na sauti yake. Nilibaki ndani. Mhasibu alinishika mkono wa koti, nami sikuutoa. Lilipokwisha, watu wazima wale walikuwa wakicheka na kupangusa macho, na hakuna aliyependekeza liondolewe. Lililosafishwa nalo likaoneshwa. Walilipongeza kwa adabu, kama mtu anavyopongeza pazia.

Walitaka kupiga kura palepale. Nikaomba wasipige. Nikasema kwamba kazi hii ina mwenyewe, yu hai, na kwamba kwa muda wote huo imekwenda bila jina lake kwa sababu kampuni haikuwa na desturi ya kuwaandika wachoraji. Wamekubali hivi: nakala zote mbili zimeandaliwa, wewe ndiye utakayechagua, na lolote utakalochagua, jina lako litatokea chini ya Ua, ukiridhia. Mwenyekiti anangoja jibu lako, si langu.

Sitakushauri. Nitakuambia tu nilichokiona, kama ulivyoniagiza. Lile safi ni zuri, nami sina la kuongeza juu yake, na hilo ndilo kosa lake pekee. Lile lingine nimelichukia maisha yangu yote, na ningeweza kukuchorea kila kidole chake. Sijui kitu kingine chochote kilichotengenezwa na binadamu ambacho nakifahamu hivyo.

Ukichagua lile safi, nitapanda basi nije kukaa kwenye kochi lako, nitoe zile sifa ulizozingoja. Nitakuwa mkweli katika kila neno.

Mwanao,
Hakimu


Tarehe 19 Agosti

Hakimu, mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Mkeo mpe pole kwa kuishi na nyinyi wawili mlionuna bila sababu. Baba yako mwambie ni kweli sikumuuliza, ila yeye naye hakuniuliza kabla ya kupanda juu ya bati lenye unyevu, kwa hiyo hatudaiani.

Barua yako ilikaa mezani nikiizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Sitakueleza niliyoyawaza. Nilimwandikia mwenyekiti wako mistari miwili na jina langu kamili, nikaenda kwa msusi nikamwambia afute wateja wake tena. Aliniuliza kama niko sawasawa.

Najua uliona kwenu. Lakini hukuona kwangu, kwa hiyo sikiliza.

Walikuja kabla ya jua kuzama. Msusi na dada yake, mwalimu mstaafu wa pale kona, mwuza nyama na mkewe, na wengine ambao sikuwaalika. Sikuwaambia wanachokuja kukiona. Nilisema nina chai na kipindi cha zamani. Kipindi kilikuwa kile cha fundi viatu na bata wake. Watu walicheka, wakasema siku hizi hakuna vipindi kama hivyo. Mimi nilikaa kwenye kiti cha jikoni, karibu kabisa na kioo, kwa sababu ya jicho.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, niliwaona wakibadilika. Mwalimu alishusha kikombe. Msusi akasema, "Jamani, si baada ya hapa ndipo..." na hakumaliza. Mwuza nyama, mtu anayebeba nusu ya ng'ombe begani, alichukua mto wangu wa kochi akaukumbatia kifuani.

Giza likaingia. Tarumbeta ikashuka kisimani. Likafunguka, petali kwa petali, bila kusafishwa, na nilipoiangalia ile ya chini kwa jicho langu zuri, nikauona. Mkono mzima, Hakimu. Unasukuma mlango. Nilishtuka mpaka nikashika kiti. Nimelitengeneza mwenyewe, likanitisha kwa mara ya kwanza nikiwa bibi kizee. Na nikaona pia kwamba lilikuwa limefanywa vizuri. Lile safi nililipenda kwa sababu lilifanana na nilichokuwa nacho kichwani. Hili halikufanana na kitu chochote kilichowahi kuwa kichwani mwa mtu.

Chini yake likatokea jina.

Msusi alilisoma kwa sauti, kama anayesoma tangazo la msiba. Akageuka. "Hili si jina lako?"

"Ni langu," nikasema. "Na ua ni langu. Nililifanya kwa mikono hii."

Dada yake msusi alianza kucheka, akaacha, akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba jini la utotoni mwake lilikuwa likimwazima chumvi. Mwalimu alisimama, akaja, akanishika mkono, akarudi kukaa. Mwuza nyama peke yake hakuwa ameondoa macho kwenye kioo.

"Mama," akasema, "mle ndani kuna mfupa. Niliwaambia watu nyumbani kwetu kuna mfupa. Walinichapa."

"Upo," nikamwambia. "Tulia. Ni mkono wa kaka yangu. Alianguka kutoka juu ya paa akirekebisha antena."

Akafikiri kidogo, mto bado uko kifuani, akauliza kama alipona.

Shangazi yako,
mwenye Ua